Neno la Mstari wa Sita

Mama Nakala hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na mafundi bomba wa idara ya maji, mwaka wake wa kwanza kazini, kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mezani kwake bila kuacha nakala. Ukimletea barua, nakala. Ukimletea orodha ya vifaa, nakala. Fundi mmoja aliyeitwa Koleo, kwa ajili ya mikono yake mikubwa, aliwahi kumwandikia kwa utani kwenye kipande cha boksi, "Leo nitachelewa, naota jua," naye akakitafutia faili. Jina likamganda. Mume wake, fundi cherehani, alipolisikia alicheka akasema, "Sawa. Yeye Nakala, mimi ndiye Halisi."

Mimi namjua kwa kuwa tulipanga nyumba moja naye kwa miaka kumi na mmoja, milango ikitazamana. Nyumba ya vyumba kumi na vinne, ua katikati, bomba moja kwenye kona karibu na kamba za kuanikia. Kaya zilikuwa kumi na tatu, maana Halisi alikodi vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha cherehani. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona, na mengine alinieleza mwenyewe tukiwa tunafua.

Kazi yake ilikuwa dirishani. Bomba likipasuka au maji yakikatika, mtu alikuja kwake au alipiga simu, naye akajaza Fomu ya Taarifa ya Hitilafu. Fomu ilikuwa na mistari kumi: jina la mtoa taarifa, mtaa, siku tatizo lilipoanza, na kadhalika. Mstari wa sita ulisema: *Idadi ya nyumba zilizoathirika.* Kila asubuhi saa moja na nusu, fomu ziliwekwa kwenye trei ya Mhandisi. Yeye alizipanga kwa mstari ule, kubwa juu, ndogo chini, kisha magenge mawili ya mafundi yakatoka na gari moja, yakianzia juu. Zilizobaki chini zilisubiri kesho, na kesho zikaja nyingine za kuzikalia.

Mhandisi huyu hakuwa mtu mbaya, na naomba hilo lieleweke. Kabla yake, mafundi walikwenda alikopiga simu mwenye sauti nene. Yeye alipoingia alisema hataki kusikia rafiki wa nani wala ndugu wa nani. "Namba hazina shangazi," alipenda kusema. Akamwita Mama Nakala, akamwambia atengeneze fomu itakayoonyesha tatizo ni kubwa kiasi gani, kwa lugha rahisi. Mama Nakala akakaa kwenye mashine, akafikiri kidogo, akachapa neno *nyumba*. Mhandisi akasaini, kikao kikapitisha. Watu walifurahi siku ile, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Miaka tisa ikapita hivyo.

Asubuhi moja akaja mama mtu mzima, mkunga mstaafu, akapandisha ndoo tupu juu ya kaunta, akaiacha pale kama ushahidi.

"Nimekuja tena," akasema. "Jumatano nilikuja, Ijumaa nilikuja. Leo ni siku ya sita hatuna maji."

"Pole, mama. Nyumba ngapi zimeathirika?"

"Moja. Ileile."

Mama Nakala akaandika *1*. Kisha akauliza swali ambalo halikuwamo kwenye fomu, kwa kumwonea huruma tu. "Mko wangapi hapo?"

"Vyumba ishirini na viwili. Kila chumba na watu wake. Kuna mzazi hapo ana siku nne tangu ajifungue, namwogesha kwa maji ya kuombaomba."

"Sasa mama, mbona unaniambia nyumba moja?"

Mkunga akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu mguu huu kwa ule. "Kwani mapaa mangapi? Mlango wa mbele mmoja, paa moja. Fomu yako imeuliza nyumba, mwanangu. Unataka nidanganye?"

Mkunga alipoondoka, Mama Nakala alivuta nakala za asubuhi ile. Iliyokuwa juu kabisa ilitoka mtaa wa kilimani: nyumba tisa. Aliijua mitaa ile. Nyumba tisa, familia tisa, na kila nyumba ina tangi lake. Fomu ya mkunga ilikuwa ya mwisho chini, na kwa hesabu ya fomu ndipo mahali pake hasa.

Mafundi waliporudi saa sita alimfuata Koleo uwanjani, akamweleza. Koleo hakushangaa hata kidogo.

"Hilo sisi tunalijua zamani," akasema akifuta mikono kwa tambara. "Kule bondeni, anakokaa huyo mkunga, tukifika tunapigiwa makofi. Kilimani tunafunguliwa geti, basi."

"Na mbona hamkusema?"

"Tuseme wapi, dada? Kwenye fomu yako kuna nafasi ya fundi kusema?"

Hakukuwa na nafasi hiyo. Koleo akachukua spana yake na kipande cha bomba, akatoka kwa miguu. Aliporudi saa nane, suruali imelowa magotini, alisema alikwenda kulia chakula chake cha mchana upande wa bondeni, na kama kuna valvu ilifunguka wakati anatafuna, yeye hana habari.

Jioni ile Mama Nakala alimsimulia mumewe, aliyekuwa amekaa anapiga pindo la sketi. Halisi alisikiliza hadi mwisho, kisha mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Ngoja kwanza. Ule mwezi tuliokaa siku tano hatuna maji hapa uani, mimi nikawa nabeba ndoo kutoka barabara ya pili mpaka kiuno kikaniuma. Fomu yetu uliandika nyumba ngapi?"

"Moja."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Halisi alicheka hadi akashika mbavu. "Kumbe miaka yote nimelala na adui!" Sisi sote uani tulisikia, tukatoka kuuliza kuna nini, akatueleza, tukacheka naye. Mama Nakala alicheka pia, lakini kicheko chake kilifika mdomoni tu. Baadaye aliniambia kuwa kilichomuuma si kwamba fomu ilikuwa mbovu. Kilichomuuma ni kwamba neno lenyewe alilichagua yeye, akalijaza yeye, na bomba lililokauka lilikuwa lake.

Kesho yake alianza kuuliza kila mtu maswali mawili. Nyumba ngapi, akaandika kwa kalamu kwenye mstari. Kaya ngapi, akaandika kwa penseli pembeni. Hakumwambia mtu. Baada ya wiki mbili alikuwa na nakala thelathini na moja. Akaomba kumwona Mhandisi.

Mhandisi alikuwa na meza kubwa ya ramani. Mama Nakala hakuzungumza sana. Alizipanga fomu juu ya meza kwa safu mbili, kushoto na kulia.

"Hii ya kushoto ni namna ulivyozipanga wewe. Ya kulia ni fomu zilezile, ila nimefuata kaya."

Mhandisi aliinama. Akashika iliyo juu kushoto, akaitafuta kulia, akaikuta karibu na ukingo wa meza chini kabisa. Akashika ya mwisho kushoto. Kulia ilikuwa ya pili. Aliendelea hivyo na nne, tano, kisha akavua miwani.

"Nani aliandika neno *nyumba*?"

"Mimi. Na wewe ukasaini."

Nje gari lilikuwa likipakiwa mabomba, moja moja, kelele za plastiki.

"Basi tuko wawili," akasema Mhandisi. "Na hatuwezi kulibadilisha sisi wawili. Fomu ilipitishwa na kikao, itabadilishwa na kikao. Liweke kwenye ajenda."

Hapo ndipo mjue kwamba Mama Nakala ndiye aliyekuwa pia akiandaa ajenda na kuandika muhtasari wa kikao cha Jumatatu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta, wakubwa wakiwa mezani. Jambo jipya lilizoeleka kuwekwa mwisho, kwenye *Mengineyo*, wakati watu wameshakunja madaftari na macho yako mlangoni. Safari hii aliliweka la pili. Hakuna sheria iliyosema asifanye hivyo. Hakuna aliyeuliza pia.

Mhandisi alieleza vizuri. Meneja, aliyeongoza kikao, alitikisa kichwa kukubali. Ndipo Afisa Utawala akainua mkono. Huyu alikuwa mzee nadhifu, mashati yake hayajui mkunjo, naye ndiye mwenye funguo za stoo.

"Hoja nzuri," akasema. "Lakini stoo kuna boksi kumi na nane za fomu zilizokwisha kuchapishwa. Fomu elfu tisa. Tuzichome moto kwa ajili ya neno moja?"

Watu wakaguna. Meneja akakuna kidevu. "Basi tulitazame."

"Niachieni mimi nilitazame," akasema Afisa Utawala, na kikao kikahamia jambo la tatu.

Katika ofisi ile, *tulitazame* lilikuwa kaburi. Kitasa cha geti la nyuma kilikuwa kinatazamwa kwa miezi minane. Choo cha mafundi kilitazamwa mpaka wakaacha kukiulizia. Na kila mara Mama Nakala alikuwa ameandika mwenyewe: *Ilikubaliwa kuwa suala litatazamwa.* Litatazamwa na nani, haikusema.

Alasiri ile alikaa kuandika muhtasari. Aliniambia siri moja, nami naisema kwa kuwa ameniruhusu. Alijua hakuna anayesoma muhtasari. Kila Jumatatu Meneja aliuliza, "Tumeupitia?" wakajibu, "Tumeupitia, ni sahihi," na ukasainiwa. Angeweza kuandika kuwa kikao kimekubali neno libadilishwe, nao wangesaini, na wakisaini imekuwa. Mkono wake ulikwisha kuandika *Iliku*. Akasimama hapo. Akaenda kunywa maji, akarudi, akaichana ile karatasi vipande vipande. Nadhani ndiyo karatasi pekee aliyowahi kuitupa bila nakala.

"Ningeshinda siku moja," aliniambia, "halafu kila nilichowahi kuandika kingekuwa na doa."

Akaanza upya. Akaandika yaliyosemwa, kila mtu na maneno yake, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akapiga rula pembeni mwa ukurasa, akatengeneza safu mbili zilizokuwa hazipo: *Nani* na *Lini*. Akapita kwenye kila jambo la kikao. Kitasa cha geti: mtunza stoo aliyejitolea kukiulizia, kabla ya kikao kijacho. Neno la mstari wa sita: Afisa Utawala, Jumatatu ijayo.

Nakala zikagawanywa. Hazikupita dakika kumi, Afisa Utawala akawa amesimama mbele ya dirisha lake, karatasi mkononi.

"Mama Nakala, nani kaandika jina langu hapa?"

"Mimi, mzee."

"Kwa amri ya nani?"

"Ulisema uachiwe ulitazame. Nimeandika ulivyosema."

"Nilisema, ndiyo. Watu husema!"

"Kama sivyo, mzee, nitaandika kwamba umejitoa. Nipe tu maneno unayotaka niyaweke."

Kuandikwa kwamba amejitoa lilikuwa jambo baya zaidi. Mzee akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Siku tatu alipita mbele ya dirisha lile kama anapita mbele ya ukuta.

Siku ya nne alirudi. Akaweka juu ya kaunta kijimuhuri cha mpira chenye mpini wa mbao, kipya, na kidau cha wino wa bluu. Akachukua fomu moja, akagonga juu ya neno *nyumba*. Alipoinua mkono, neno lilikuwa limefunikwa, na juu yake limeandikwa kwa herufi nene: KAYA.

"Hakuna haja ya kuchoma kitu," akasema, akijaribu kutotabasamu. "Fundi mihuri wa pale kona kanitengenezea nikisubiri."

"Mzee, umetuokoa."

"Andika basi. Kuna safu, au hakuna safu ya mtu aliyemaliza?"

Jumatatu kikao kilipitisha kwa dakika mbili. Meneja alizipenda zile safu kuliko kitu chochote, maana sasa aliendesha kikao kwa kidole, jina baada ya jina, na saa nne watu wameshatoka. Kitasa cha geti kikapatikana wiki ile ile. Wapo waliolalamika kuwa ofisi imekuwa kama darasa, lakini walilalamika huku wakifanya kazi. Na Meneja aliagiza kiti cha Mama Nakala kisogezwe mezani, kwa sababu alichoka kugeuza shingo kila akitaka kumuuliza nani alisema nini.

Fomu elfu tisa zilihitaji kugongwa moja moja. Jumamosi mchana Mama Nakala alifungua boksi la kwanza akidhani yuko peke yake. Afisa Utawala akaingia, akakunja mikono ya shati, akasema wino ni mali ya idara na hawezi kuuacha bila uangalizi. Mmoja akafunua, mwingine akagonga. Wakati wa kuondoka mzee alikuwa na doa la bluu kwenye ncha ya mkono wa shati, na mke wake, tulisikia, alilifua mara tatu halikutoka.

Msidhani mambo yalinyooka siku moja. Watu walishajua kwamba kaya nyingi ndiyo njia ya kupanda juu ya trei, wakaanza kuzizidisha. Bwana mmoja alitaja kaya arobaini. Mama Nakala akaandika kama alivyoambiwa, lakini safari hii alimwomba Mhandisi kwamba nyuma ya kila fomu fundi aandike alichokikuta. Koleo, ambaye alikuwa hajawahi kuandika kitu ofisini tangu kile kipande cha boksi, aliandika kwa herufi kubwa za kujikaza: *Kaya nne. Kuku wengi.* Fomu ile ilibandikwa ukutani kwa mwezi mzima, na waliokuja dirishani walipoisoma walipunguza wenyewe.

Bondeni maji yaliyokatika asubuhi yakawa yanarudi kesho yake, mara nyingine jioni ile ile. Mkunga alipita siku moja, hana ndoo, akasema amekuja kusalimia tu. Wakaongea kuhusu yule mtoto mchanga, ambaye sasa alikuwa anakaa mwenyewe bila kushikwa.

Waliokuwa juu, nao, wakaanza kusubiri. Na miongoni mwao alikuwamo dada mkubwa wa Mama Nakala, mwalimu mstaafu, mjane, aliyeishi kilimani peke yake katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, nyumba yenye bustani na tangi bovu. Bomba lililolisha nyumba yake na nne za majirani lilipasuka Jumanne. Jumatano akapiga simu ofisini.

"Mdogo wangu, mbona sioni mafundi?"

"Wako njiani, dada. Kuna walio mbele yako."

"Zamani walikuja siku ile ile."

"Fomu imebadilika, dada. Tunahesabu kaya. Zenu ni tano tu."

"Kwa hiyo umeniweka chini."

"Si mimi, dada. Ni fomu."

"Na hiyo fomu kaandika nani?"

Mama Nakala angeweza kusema Mhandisi, angeweza kusema kikao. "Mimi," akajibu. "Ya zamani niliandika mimi, na hii nimeandika mimi."

Dada akasema, kwa ile sauti yake ya darasani, "Angalau sasa najua wa kumlaumu. Maji ya kuoga nitayapata wapi?"

"Njoo kwangu."

Akaja. Tulimwona akiingia uani Alhamisi alasiri na mabeseni mawili, taulo begani na uso wa mtu aliyekuja kukagua. Ilikuwa miaka kadhaa hajakanyaga pale. Alizoea mdogo wake ndiye apande kwake. Halisi alimwachia kiti chake cha cherehani. Alioga, akafua kidogo, kisha badala ya kuondoka akakaa. Aliuliza mtoto wa nani yule, na yule mama mwenye sauti nzuri ni nani, na kwa nini kamba za nguo zimefungwa chini hivyo. Akawasahihishia watoto madaftari bila kuombwa, akamkemea Halisi kwa kusema vibaya neno moja, Halisi akalirudia makusudi ili akemewe tena.

Bomba lao lilitengenezwa Ijumaa, siku ya nne. Jumamosi tukamwona tena anaingia getini.

"Dada, si umeshapata maji?" akauliza Mama Nakala.

"Nimepata, yapo tele. Nimekuja kuona yule mtoto kama amefanya ile hesabu ya tatu." Akavuta kiti, akamwita mtoto, akavaa miwani.

Mama Nakala aliinama kwenye beseni lake akaendelea kusuuza. Mimi nilikuwa pembeni yake, nikamsikia anaimba puani. Bomba lilikuwa wazi, ndoo za watu zimepanga foleni, na hakuna aliyekuwa na haraka.